Mtungi Ulioota Mvi

Ukimuuliza mtu yeyote mjini Enseno nyumba ya Asegedech iko wapi, naye atakuuliza: unamtafuta mjane wa Mwalimu Woldeyes, au unatafuta berbere? Asegedech hakuchukizwa na swali hilo. Kwa maoni yake, hayo ndiyo mambo mawili tu yaliyostahili kutafutwa katika mji ule, na yote mawili yalikuwa chini ya bati lake.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mrefu, mwenye shingo isiyojua kuinama hata kanisani. Alimaliza darasa la kumi na mbili enzi ambazo wasichana wenzake walihitimu kubeba kuni. Alisoma barua za Kiingereza bila kuchezesha midomo. Mumewe alikuwa amefundisha nusu ya mji kusoma na kuandika, na nusu iliyobaki, Asegedech alipenda kueleza, ndiyo iliyopata nafasi ya kukaa vibarazani na kusema watu.

Berbere, yaani pilipili ya unga yenye viungo, aliirithi kwa mama mkwe wake, Yeshimebet. Pilipili nyekundu zikishakauka, hutolewa vikonyo, zikatwangwa kinuni pamoja na tangawizi, vitunguu saumu na majani ya mrihani, kisha rojo hilo hufunikwa kwa majani ya mgomba na kulazwa siku tatu. Baada ya hapo huanikwa juani, halafu husagwa na iliki, uwatu na vingine ambavyo kila nyumba huvificha kama siri ya serikali. Wote Enseno walifanya hivyo. Lakini katika nyumba ya Yeshimebet kulikuwa na jambo moja zaidi. Kabla rojo halijafunikwa, mama wa nyumba alichota konzi moja ya berbere ya zamani kutoka katika mtungi, akaitupia humo, ili ile mpya ijue njia ya nyumbani. Na ile mpya ikishasagwa, konzi moja ilirudi mtungini. Kwa hiyo mtungi ule haukuwahi kuwa mtupu kwa zaidi ya miaka arobaini, na berbere ya nyumba ile haikubadilika ladha, wafalme wakiondoka na wanajeshi wakiingia.

Enzi za Yeshimebet mtungi ulikaa jikoni, kwenye dari ya fito juu ya mafiga, ukila moshi pamoja na vitunguu. Asegedech na Mwalimu walipojenga nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji, yeye hakuona sababu ya kitu chenye heshima kama ile kuendelea kulala jikoni kama mtumishi. Aliuhamishia sebuleni. Akauweka chini, pembeni, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, kati ya kabati la vyombo na televisheni, chini kabisa ya cheti cha ualimu kilichotiwa fremu. Mgeni aliyeingia aliona elimu ukutani na asili sakafuni, na kama alikuwa na akili, alishusha sauti.

Saruji ya Enseno wakati wa masika hutoka jasho. Baada ya miaka michache berbere ya mtungini ikavaa utando mwembamba, mweupe, laini kama pamba. Asegedech aliinua ngozi ya mbuzi iliyofunika mdomo wa mtungi, akatazama, akafikia uamuzi ambao mtu msomi wa nyumba nzuri angeufikia.

"Umeota mvi," alisema.

Tangu siku hiyo aliwaonyesha wageni mvi za mtungi. Wageni, kwa kuwa walikuwa wanakunywa kahawa yake, walikubali kwamba ni mvi.

Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema, na alilisema mara moja tu. Kila mchana, kabla ya chakula, Asegedech alimwekea pembeni mwa injera, ule mkate wao mpana na laini, kijiko kimoja cha berbere ya mtungini, mbichi, iliyokorogwa na mafuta. Lilikuwa fungu la mkuu wa nyumba. Watoto hawakuruhusiwa kuligusa, na yeye mwenyewe hakuligusa, kwa heshima.

"Asegedech," Mwalimu alisema siku moja, "hii ina ladha ya kabati."

"Hiyo ni ladha ya mama yako."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, na mama yake alikuwa amempenda. Akala. Alikula kwa miaka kumi na mmoja.

Alikufa kwa ini, tumbo limevimba, macho yamekuwa manjano, yeye ambaye hata pombe ya shayiri kwenye harusi aliishika tu mkononi ili wenyeji wasione vibaya. Na siku ya karamu ya arobaini yake, Asegedech akipita na kapu la mkate nyuma ya hema, alimsikia jirani yake Amarech, mwanamke mwenye sauti iliyozaliwa bila mlango, akiwaambia wenzake: "Ini haliozi lenyewe, jamani. Walimu hawa chupa ya araki huiweka nyuma ya vitabu. Nani atakwenda kufunua vitabu?"

Asegedech hakumjibu. Aligawa mkate wote, naye Amarech akapata kipande kikubwa kuliko vyote. Lakini tangu siku ile alilinda jina la nyumba yake kama askari wa zamu. Hakuruhusu tone la araki kuvuka kizingiti chake, hata ya kuchulia magoti. Tatizo ni kwamba mtu aliyekufa huwezi kumpeleka popote anuswe kinywa. Miaka minne ilipita, na kila mtu akimsifu marehemu, Asegedech alisikia nyuma ya sifa ile mlio mdogo wa kizibo cha chupa.

Ilibaki berbere. Hiyo haikuwa na doa.

*

Asegedech alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama kumi na wawili waliokusanya berbere yao na kumuuzia mfanyabiashara wa Addis Ababa, naye akaipeleka kwa Wahabeshi walioko Ulaya, ambako kwa maelezo yake watu walikuwa wanalia kwa hamu. Mwaka ule ikaja barua. Mzigo ulikuwa umepimwa bandarini huko, ukakutwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kupita kiwango, ukachomwa moto. Mfanyabiashara alikuwa tayari kuendelea nao, kwa sharti nyumba iliyoleta uchafu ijulikane na itolewe.

Akina mama waliitwa nyumbani kwa mwenyekiti. Kahawa ilikuwa duru ya kwanza.

"Kuna nyumba imetupaka matope," alisema Asegedech. "Sitaji jina."

Akamtazama Zuriash.

Zuriash alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuja Enseno kutoka upande wa Hosaena baada ya kuachwa na mumewe, au kumwacha, jambo ambalo Asegedech aliona ni baya vyovyote vile. Hakuwa na ukoo pale. Pilipili zake hakuzianika kwenye jamvi kama watu. Alizianika kwenye kichanja cha wavu wa waya kilichosimama kwa miguu minne uani, na rojo lake hakulilaza siku tatu. Alilisambaza siku hiyo hiyo, kama mtu mwenye treni ya kuwahi.

"Etete," alisema Zuriash, kwani ndivyo wadogo wanavyowaita wanawake wakubwa kule, "mbona unanitazama mimi?"

"Nilikuwa natazama mlango."

"Mlango uko nyuma yako."

"Basi nilikuwa nautafuta."

Amarech alicheka mpaka akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Mwacheni mtoto wa watu. Pengine ukungu umepanda kwenye kile kiota chake cha kuku."

"Kuku wenyewe hawakipendi," alisema Zuriash. "Wanasema kina upepo mwingi."

Ikakubaliwa kwamba mtaalamu wa maabara aje achukue vipimo nyumba kwa nyumba. Na hapo Asegedech akatoa wazo ambalo yeye mwenyewe aliliona la huruma sana. Vipimo visiandikwe majina, viandikwe namba, na daftari la namba akae nalo mwenyekiti, ili nyumba itakayokutwa na hatia iondoke kwenye umoja kimya kimya, bila kuaibishwa mbele ya watu. Aliandika kanuni hiyo kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia kulia. Alijipa mwenyewe namba tisa, asije akaonekana anajipendelea. Kwa Zuriash aliandika namba tatu, akamsikitikia mapema.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo, Fikirte, mwenye glavu nyeupe na adabu nyingi. Alipofika kwa Asegedech alichota berbere ya gunia, kisha akaonyeshwa mtungi, kwani hakuna aliyeingia sebule ile akatoka bila kuonyeshwa mtungi. Fikirte alipiga magoti kwenye sakafu. Alitazama mvi kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote kabla yake, na Asegedech akaona kwamba vijana wa siku hizi si wote waliopotea.

"Mama, huu unatumika?"

"Kila mwaka, miaka arobaini na zaidi. Konzi moja kwenye rojo. Ndiyo roho ya berbere yetu."

"Naomba kijiko kimoja."

"Chukua viwili, binti yangu. Umpelekee na mama yako."

Fikirte alichukua viwili. Alivitia katika mfuko wa peke yake na kuandika juu yake: tisa, mtungi.

*

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwa Kiingereza, katika bahasha iliyoandikwa jina la mwenyekiti. Asegedech alivaa miwani, akajimiminia kahawa, akakaa chini ya cheti cha mumewe. Mtu akisoma hukumu ya mwenzake ni vizuri akae vizuri.

Namba moja ilikuwa chini ya kiwango. Mbili, vivyo hivyo. Tatu, yaani Zuriash, ilikuwa chini kuliko zote. Mashine ilikuwa karibu isione kitu. Asegedech alirudia mstari huo mara mbili, kwa sababu wataalamu nao ni binadamu. Akashuka. Nne, tano, sita, saba, nane. Tisa ilikuwa imepita kiwango mara nne. Na mstari wa chini yake, wa mtungi, ulikuwa na tarakimu nyingi hivi kwamba kwanza alidhani binti wa watu ameandika namba yake ya simu.

Kahawa ilipoa. Hatimaye aliinuka, akachukua simu.

"Fikirte, binti yangu. Karatasi imefika. Nina swali dogo, ni la jirani yangu."

"Uliza, mama."

"Huyu jirani, namba yake imetoka kubwa kidogo."

"Tisa?"

"Nimesema ni jirani."

"Sawa, mama." Fikirte alikuwa amelelewa vyema. "Ana mtungi sakafuni, huyo jirani?"

"Anao."

"Basi kosa liko hapo. Unyevu wa saruji umeotesha ukungu ndani, na kila mwaka anachota konzi ya ukungu huo anaupanda kwenye rojo bichi, halafu anaufunika kwa majani siku tatu. Shambani tungeita kilimo."

"Mtungi huo umekuwepo tangu enzi za mama mkwe wake. Hakuna aliyekufa."

"Ulikaa sakafuni enzi hizo?"

Asegedech alitazama kitambaa cheupe cha kufuma. "Ulikaa juu ya mafiga. Kwenye moshi."

"Basi ulikuwa mkavu. Mama mkwe alijua anachofanya."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Asegedech kusikia kwamba Yeshimebet, ambaye hakujua hata kusoma jina lake, alimzidi kitu. Akalimeza hilo.

"Na sumu hii," aliuliza, "humfanya nini mtu?"

"Akila nyingi kwa mara moja, ataugua upesi. Akila kidogo kidogo kwa miaka, inaumiza ini. Inaweza kuleta saratani ya ini."

"Hata kwa mtu asiyekunywa?"

"Hata aliyeishi kwa maji na maziwa."

Barabarani ulipita mkokoteni wa punda, kengele ikilia. Asegedech alisubiri upite wote.

"Na mtu akishakufa, inaweza kujulikana kwamba ndiyo iliyomuua?"

"Hapana, mama. Ini huharibiwa na mambo mengi, kuna virusi, kuna mengine. Hakuna atakayekuapia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ingewezekana."

"Ingewezekana."

"Ndiyo. Mama, mwambie jirani ile ya mtungini aifukie. Asiwape hata kuku."

"Nitamwambia. Ni mkaidi, lakini nitamwambia."

Alikaa. Kijiko kimoja kila mchana, kwa miaka kumi na mmoja. Alijaribu kuvihesabu, akaacha, kwani hesabu ilikuwa somo la mumewe. Alifikiri jinsi alivyokuwa anasimama juu yake kuhakikisha amemaliza.

*

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati, alikuja Shibiru, mdogo wake Mwalimu, muuza misumari na saruji. Shibiru aliipenda heshima ya ukoo kama watu wanavyopenda ng'ombe wa jirani, anasifu maziwa na halipii majani. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Shemeji, nasikia majibu yamekuja. Nani kaanguka?"

Asegedech alimpa karatasi na daftari. Shibiru alisoma polepole, kidole kikitembea. Kidole kikasimama.

"Daftari hili nani mwingine kaliona?"

"Hakuna."

"Basi mbona umekaa kama una msiba? Tisa ni Zuriash. Amekuwa yeye tangu mwanzo, mji mzima unajua. Wewe unathibitisha tu."

"Yake ndiyo safi kuliko zote, Shibiru."

"Usafi wake nani kauomba? Sikiliza, shemeji. Yule hana jina la kupoteza. Hana mume, hana ukoo, bibi yake hatumjui hata kwa kusikia. Akiondoka Enseno leo, kesho hakuna atakayeuliza alikaa wapi. Sisi je?"

Maneno hayo, neno kwa neno, Asegedech alikuwa ameyasema mwenyewe mwezi uliopita kwa mke wa kasisi. Yalikuwa yamemkaa vizuri mdomoni. Kuyasikia kwa Shibiru kulikuwa kama kuona gauni lako limevaliwa na mtu mwingine, ukagundua kumbe ndivyo linavyokaa.

"Na kaka yako?" aliuliza.

"Kaka yangu kafanyaje?"

"Mtaalamu anasema sumu hii huua ini. Wao wanasema alikunywa."

"Aah." Shibiru aligeuza kofia yake gotini. "Hayo yamepita, shemeji. Watu husahau. Mimi mwenyewe nilishasamehe zamani."

Asegedech alimtazama.

"Ulisamehe nini?"

"Si unajua. Mtu akiwa na kazi ya kusoma sana... Walimu wengi wako hivyo. Sikumhukumu."

Ukutani cheti kilining'inia na muhuri wake. Kwa miaka minne Asegedech alikuwa amelinda mlango wa mbele dhidi ya Amarech, na kumbe chupa ilikuwa imeshaingizwa na mtu wa ndani, tena akaisamehe.

"Shibiru," alisema, "vaa kofia yako."

*

Jumamosi saa nne asubuhi akina mama wote walikuwa sebuleni, bisi zimemwagwa kwenye sinia, ubani unafuka. Zuriash alikaa karibu na mlango na shali yake mabegani, kama mtu aliyekwisha kuaga. Alikuwa ameambiwa na watu watatu, kila mmoja kwa siri, kwamba ni yeye.

Asegedech alisoma majibu yote, namba kwa namba, kwa sauti aliyokuwa akisomea risala. Alipofika tisa akatua.

"Imepita kiwango mara nne. Ndiyo iliyochomesha mzigo."

Nyuso kumi zikageuka mlangoni. Zuriash akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuokolea muda, Etete."

"Kaa chini. Tisa ni mimi."

Amarech alikuwa na bisi mkononi na aliendelea kuzishika.

"Mashine imekosea," alisema mmoja.

"Mashine haijui mimi ni nani," alisema Asegedech. "Ndiyo maana imesema kweli."

Kisha alikwenda pembeni, akaushika mtungi kwa masikio yake mawili, akaubeba hadi katikati ya duara na kufungua ngozi. Wote walikuwa wameshaziona mvi zile na kuzisifu. Safari hii waliziinamia, halafu wakajirudisha nyuma, na mmoja akafunika pua kwa ncha ya shali.

"Mama mkwe wangu aliuweka mtungi huu juu ya moto," alisema. "Mimi msomi nikauleta sebuleni mpate kuuona. Sakafu imeuozesha. Mmekuwa mnaniambia ni mvi kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia kwanza. Na kila siku, kwa miaka kumi na mmoja, nilichota humu kijiko kimoja nikampa mume wangu ale, nikasimama mpaka amalize. Mtaalamu anasema uchafu huu huua ini. Hakusema ndio uliomuua Woldeyes. Amesema ingewezekana, na kwamba hakuna atakayejua."

Akaweka mikono yote miwili juu ya mtungi.

Amarech alikohoa. "Kwa hiyo Mwalimu hakuwa anakunywa?"

"Hakunywa. Hilo nalijua bila maabara. Mtaalamu mwenye mashine anasema hakuna ajuaye, Amarech. Wewe na kipande chako cha mkate ulijua tangu siku ya arobaini."

Amarech alizirudisha bisi kwenye sinia, moja moja.

"Mnahitaji mtu wa kumsema," aliendelea Asegedech, "na mimi siwakatazi, najua mtaugua. Nisemeni mimi. Semeni alimlisha mumewe ukungu kwa kujiona. Niko hai, nitawajibu. Yeye mwacheni alale."

Halafu akafungua daftari na kuwasomea kanuni aliyoiandika mwenyewe, kwamba nyumba yenye hatia itatoka kwenye umoja. Akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Etete," alisema Zuriash kutoka mlangoni, "ukitoka wewe, barua za Kiingereza atasoma nani?"

"Utajifunza."

"Nitajifunza. Na wakati najifunza, nani atakuwa ananitazama? Nimeshazoea. Nikikosa yale macho yako nitajisikia mgeni."

Mmoja akacheka kwa kupitia puani, kisha wawili, na kahawa duru ya pili ikamiminwa kabla ya mtu kukubaliana juu ya lolote. Mwishowe waliamua kwamba nyumba ya Asegedech isilete berbere mwaka mzima, ila yeye aje asome barua. Alipinga kidogo, kwa ajili ya heshima, akakubali kabla hawajabadili mawazo.

Mchana huo huo alichimba shimo nyuma ya migomba kwa mikono yake, akamwaga berbere ya miaka arobaini, akafukia, akauvunja mtungi juu yake kwa mchi. Kitambaa cheupe alikifua. Alama ya duara haikutoka.

*

Msimu uliofuata, mvua zilipokatika, watu wa Enseno waliona uani kwa mjane wa Mwalimu kimesimama kichanja cha wavu wa waya chenye miguu minne. Zuriash alikuwa amekuja kukifunga, na Asegedech alisimama pembeni akimwelekeza kwenye kazi ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

"Kinafanana na banda la kuku."

"Ndivyo mlivyokuwa mnasema."

"Nilikuwa nasema kwa dharau. Sasa nasema kama mwenye banda."

Rojo halikulala siku tatu, na hakukuwa na konzi ya kulionyesha njia. Berbere ilipotoka, Amarech, ambaye sasa alipita kila siku kwa sababu moja au nyingine, aliionja kwa ncha ya ulimi.

"Ni nzuri. Ila haina ile ladha."

"Haina," alisema Asegedech.

Sikukuu ya Msalaba ilipofika, ukoo mzima ulikusanyika kwake kula kitfo, nyama mbichi ya kusaga iliyokolezwa siagi, na mkate wa shina la mgomba. Shibiru alikuja na kofia mpya. Asegedech alimkaribisha kwa heshima zote na kumkalisha chini ya cheti, mahali pa mkuu wa nyumba, mbele ya watu ishirini na zaidi, wakiwemo Amarech na mke wa kasisi. Aliwanawisha wageni mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Shibiru akasimama na birika.

"Shibiru, wewe ndiye mtu wa damu yake hapa. Waambie wageni kaka yako alikuwa anakunywa nini."

Shibiru alitazama birika, akatazama nyuso, akatazama mlango, ambao ulikuwa mbali.

"Maji," alisema.

"Na nini?"

"Na kahawa."

"Na?"

"Na maziwa, shemeji."

"Sema wasikie wa nyuma."

"Maji, kahawa na maziwa," alisema Shibiru, na sauti yake ikafika uani.

Asegedech akammiminia maji mikononi, polepole, mpaka ilipotakata. Kisha akachota kijiko kimoja cha berbere mpya, akakiweka pembeni mwa injera yake.

"Kula," alimwambia. "Imepimwa."